Mama Keren na Kesi ya Chumba cha Tatu

Mama Keren alifanya kazi ya serikali miaka mingi bila serikali kumjua. Nasema hivyo bila kejeli, ingawa kejeli ingefaa. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Bel-Air, kitenge kimepigwa pasi, viatu mkononi kama njia ina matope, akaenda kuketi kwenye meza katika ofisi moja mjini Lubumbashi, ile ambako watu huandikisha watoto waliozaliwa na wazee waliokufa. Aliandika, alipiga mihuri, aliwatuliza wenye hasira, na jioni alifunga madirisha. Lakini hakuwa na matrikile, ile namba inayotoka Kinshasa, ambayo mtu akishaipata ndipo anapoanza kulipwa mshahara na kuugua kwa haki. Wasio nayo huitwa kwa Kifaransa nouvelles unités, yaani watu wapya. Mama Keren alikuwa mtu mpya tangu binti yake wa kwanza, Keren, alipokuwa anatambaa. Sasa Keren alikuwa amempita mama yake kwa urefu.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Régine, na la kwao Nkandu. Mumewe, Katongo, alikuwa wa watu wa kaskazini, upande wa Kongolo, ambao babu zao waliletwa huku na reli. Yeye mwenyewe alichomelea milango na madirisha ya chuma mbele ya nyumba, mtu wa maneno machache anayefanya kazi kwa umeme wa saa chache. Walikula kwa milango hiyo. Katika ofisi Mama Keren aliambulia kidogo mwisho wa mwezi, kama wakubwa wamekumbuka. Majirani walimuuliza kwa nini haachi. Subira huvuta heri, aliwajibu. Ndivyo tunavyosema sote, lakini hatusemi hiyo heri inapanda gari gani, wala kama hilo gari lina petroli.

Halafu mtihani ukatangazwa. Serikali itaajiri kwa concours, watu wote wataandika siku moja, atakayefaulu atapata matrikile. Kwa vijana ilikuwa bahati mojawapo tu. Kwa Mama Keren ilikuwa ya mwisho, maana serikali haichukui mtu aliyepita umri fulani, naye mwaka uliofuata angekuwa ameupita. Alirudi nyumbani akazima redio, akamwambia mumewe, "Katongo, kama sikupita hii, basi. Kumekwisha." Katongo akamnunulia kalamu mbili, moja ya akiba.

Hapa lazima nimlete Papa Alphonse. Alikuwa mkubwa katika idara moja ya jimbo, mtu wa suti hata wakati wa joto, na ndiye aliyewekwa kuwa rais wa jury, lile baraza linalosimamia na kusahihisha mtihani. Tena alikuwa parrain, yaani msimamizi, wa ndoa ya Régine na Katongo. Kwetu Wakatoliki wa Lubumbashi, parrain si mtu wa kusimama kwenye picha na kula keki. Mwaka ule Katongo alipopotelea Likasi kwa mwanamke mwingine, Papa Alphonse ndiye aliyekwenda kumchukua, akamrudisha mlangoni kama mtu anayerudisha ndoo ya jirani. Keren alipozaliwa, mke wake Mama Agnès, marraine wa ndoa hiyo, ndiye aliyekuja kumwogesha kila asubuhi mpaka kitovu kikadondoka. Wazazi wa Régine walikwisha kufa. Hao wawili ndio waliobaki.

Ungedhani basi alikwenda kumnong'oneza. Hakwenda. Papa Alphonse mwenyewe alimuuliza siku moja nje ya kanisa kama anajiandaa, naye akapiga makofi ya heshima akajibu, "Nitapita miye moya, Papa. Sitaki baseme njo weye ulinipitisha." Mzee akacheka, akamsifu. Wakati huo wote wawili walikuwa na furaha.

Mtihani ulifanyika katika shule moja, na Mama Keren akaangukia chumba cha tatu. Maswali yalikuwa yale aliyokuwa akiyaishi kila siku: ofisi inaendeshwaje, barua inajibiwaje, raia ana haki gani. Aliandika mpaka mkono ukamfa ganzi. Alitoka anaimba, na Katongo, aliyekuwa anamngoja langoni, hakuuliza kitu, aliona tu.

Matokeo yalibandikwa ukutani asubuhi ya jua kali. Watu wakasukumana, wengine wakapiga vigelegele, wengine wakatoka kimya wakipanguza nyuso. Mama Keren alisoma mara ya kwanza, akasoma tena kwa kidole. Hakuwemo. Nyuma yake akasimama bwana mrefu mwenye sauti ya kanisa, Chilufya, aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye naye aliandika mtihani huo.

"Mama, weye ulikuwa mu salle gani?" aliuliza.

"Ya tatu."

"Na miye. Na ule pale. Na ule mama mwenye mimba. Hakuna mutu wa salle ya tatu. Hata mumoja!" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Salle muzima? Hata mujinga mumoja hakupita kwa bahati?"

Ndipo wakaona jina la Exaucée. Huyu alikuwa mpwa wa mkubwa fulani, na siku ya mtihani hakuandika chochote, kwa sababu siku hiyo alikuwa Likasi kwenye arusi. Watu wote walimwona kwenye simu zao, amevaa nguo ya zambarau, anacheza. Sasa alikuwa amefaulu. Nimesikia watu wengi wakisifiwa kwa akili, lakini wa kufaulu mtihani huku anacheza arusini mji mwingine, huyo ndiye wa kwanza.

Watu wa chumba cha tatu hawakuwa na shaka. Karatasi zao hazikusahihishwa. Mfuko wao ulikuwa umewekwa pembeni ili nafasi zibaki kwa wengine. Chilufya akawakusanya, wakaenda kwa Maître Joëlle Mwansa, wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la mikate, ambaye alikubali kusimama nao. Akawaeleza njia. Huwezi kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Kwanza unamwandikia aliyetoa matokeo, unamwomba ayatazame upya. Akikataa au akinyamaza mpaka muda wa sheria upite, hapo ndipo unakwenda kwa majaji. Wakaandika, wakatia sahihi. Wakangoja. Jury ikanyamaza kama maji ya mtungi.

Basi kesi ikafunguliwa. Siku ya kutia sahihi Mama Keren akaona kwenye ukurasa wa kwanza: dhidi ya jury, inayowakilishwa na rais wake, na jina la Papa Alphonse kamili, pamoja na lile la baba yake. Alishtuka. Alijua kwamba mzee ndiye rais, lakini katika kichwa chake alikuwa anashtaki ukuta, ule uliobandikwa majina.

"Si yeye mutu, mama," Maître Joëlle akamtuliza. "Tunashitaki kiti. Kesho akitoka, mwingine ataikala, na kesi itaendelea na ule."

Ni kweli kabisa, na majaji wanalijua hilo. Ila sisi watu wa Lubumbashi hatujawahi kuona kiti kikienda kanisani, kikileta kitenge wakati wa kujifungua. Mama Keren akatia sahihi.

Habari ikafika. Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana amani, Mama Agnès alishika mikono ya watu wote wa benchi la mbele na la nyuma, akafika kwa Régine, akatazama altare. Hakuna aliyeona ila wao wawili. Régine aliimba wimbo wa komunyo bila sauti kutoka.

Wakaja Bel-Air alasiri moja, Papa Alphonse na mkewe, bila kutuma neno kwanza. Walileta kreti la soda, maana mtu haendi kuzungumza jambo zito mikono mitupu. Régine akapiga magoti akawapokea, akawaweka kwenye viti vizuri. Katongo akazima mashine yake akaja na mikono myeusi. Wakaulizana habari za watoto, za malaria, za mvua. Halafu mzee akaweka kofia yake juu ya goti.

"Régine, mutoto yangu. Banapeleka jina yangu ku tribunal. Na mwenye alisimama nyuma yako ku église, siku ya ndoa yako, ilikuwa miye."

"Papa, hatushitaki weye. Tunashitaki jury."

"Na jury ni nani? Shi miye njo président?"

"Papa, salle yetu yote hakukupita mutu. Ba copies yetu haikusomewa. Weye mwenyewe ukamate ile mufuko, uangalie."

Mzee aliigeuza kofia, akaitazama ndani.

"Mambo ya concours iko na bantu mingi," alisema mwishowe. "Kuko bakubwa ya kule Kinshasa, kuko benye kubeba masanduku, kuko benye kuchapa majina. Miye nilitia signature. Sasa retraite yangu iko karibu. Unataka nitoke mu kazi na haya, bantu banionyeshe kidole mu njia? Toka mule mu kesi. Bengine baendelee, ni mambo yabo. Lakini weye, mutoto yangu, hapana. Na nafasi yako, uniachiye miye. Nitakutafutia."

Régine alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mengi, na yote ya haki. Alitaka kusema kwamba umri wake unapita, kwamba nafasi hakuitaka ya kutafutiwa, kwamba mtu anayemwita mtoto wake angeanza kwa kumuuliza kama alilia siku ya matokeo. Alifungua kinywa. Na Mama Agnès, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akateremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele yake.

"Niliogesha mutoto yako na hii mikono," alisema. "Ninakuomba, mama."

Mwenye kwao hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa mgeni. Mdogo ndiye anayempigia mkubwa magoti. Siku mkubwa akikupigia wewe, hakuombi tena, amekuwekea mzigo wa aibu begani, na ukimwacha hapo chini hata kwa pumzi moja, watu watalisimulia mpaka kwa wajukuu wako. Katongo aliruka. "Simama, mama! Simama! Régine, sema kintu!" Régine naye alikwisha kuanguka chini, amemshika marraine wake mabega, anajaribu kumwinua huku analia.

"Nitatoka, Mama. Nitatoka mu kesi. Usimame tu."

Wakanywa soda. Mzee alisali kabla ya kuondoka, akambariki kwa mkono juu ya kichwa.

Maître Joëlle alimsihi sana. Alimwambia akijitoa hawezi kurudi, hata kama wenzake wakishinda; akamwambia alale siku kadhaa afikiri; akamwambia mwisho, kwa hasira, kwamba hata mama yake yeye angepiga magoti kama hilo lingemsaidia kumfuta mtu kwenye kesi. Régine alitikisa kichwa tu. "Maître, weye uko mutoto. Utaona siku utakuwa na ba parrain yako." Akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anajitoa kwa hiari. Neno hilo, hiari, alilisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Nilimkasirikia niliposikia. Hata sasa namkasirikia kidogo. Lakini nikijiuliza ni nani kwetu angefanya vingine, mama amepiga magoti sakafuni, nashindwa kumpata hata mmoja.

Kesi ikaendelea polepole kama kesi zote. Mvua zikaja zikaisha. Kisha siku moja Chilufya akafika Bel-Air, amevaa tai, akasimama barabarani anashindwa kuingia. Régine alimwona kupitia dirishani, akajua.

"Tulishinda, Mama Keren," alisema, macho chini. "Majaji balisema mufuko ifunguliwe, ba copies ya benye kushitaki isomewe. Tulipita karibu siye yote. Na ule mama wa mimba. Na miye."

"Mungu ashukuriwe," Régine alisema, na alimaanisha. Akamtolea kiti, akamletea maji. Chilufya alikunywa glasi nzima bila kupumzika, kisha akafunika uso kwa mikono, jitu lile refu, akalia yeye badala yake.

Régine alikwenda hata hivyo kwa Maître Joëlle, kuuliza tu. Kuuliza si ujinga. Maître hakumkaripia. Alimweleza kwa upole kwamba hukumu inawahusu walioomba, na yeye alikwisha kuomba atolewe. Kwamba karatasi yake imebaki ndani ya mfuko, na mfuko umefungwa tena kwa lakiri. Kesi mpya haiwezekani, muda umepita. Alimshika mkono juu ya meza, wakakaa hivyo, chini watu wananunua mikate.

Papa Alphonse alistaafishwa baada ya hukumu, bila sherehe, na pamoja naye ikastaafu ile nafasi aliyoahidi. Hakuwa tena na mlango wa kumgongea mtu. Ofisini waliajiriwa wapya wenye matrikile. Hao walihitaji meza, na meza zilikuwa zimekaliwa na watu kama Mama Keren. Mkubwa wake alimwita, akamshukuru sana kwa moyo wake, akamwambia asije tena Jumatatu. Alibeba vitu vyake katika mfuko wa plastiki: kikombe, sweta, rozari. Kesho yake alianza kuuza makaa mbele ya nyumba, kwa ndoo, kando ya milango ya mumewe. Keren alikuwa akimsaidia kupepeta vumbi kabla ya shule. Alizoea, watu wakasema. Mtu hazoei. Anachoka tu kuonyesha.

Mzee hakukaa sana. Kiharusi kilimpiga upande mmoja, akalazwa, akarudishwa nyumbani kwake upande wa Karavia, mdomo umepinda na mkono mmoja hauitiki. Régine alikwenda kumwona, kama mtoto anavyokwenda. Alimpikia samaki wakavu wa Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, wale mzee aliowapenda, na bukari, ugali wetu, laini kidogo kwa ajili ya koo lake. Mama Agnès alimfungulia, wakakumbatiana. Kisha mama akatoka kwenda kuchota maji, akawaacha.

Régine alimega bukari, akaichovya kwenye mchuzi, akamlisha kwa vidole. Mzee alitafuna taratibu. Baadaye akasukuma sahani kwa mkono ule mzima.

"Ile mufuko," alisema. Maneno yalitoka yakiburuta. "Ya salle yenu. Nilifungula."

"Wakati majaji balisema, Papa. Ninajua."

"Hapana. Mbele. Mbele ya kuya kwenu na Agnès. Wakati barua yenu ya kwanza ilifika. Nilijifungia mu bureau, nikatafuta copie yako, nikasoma yote, nikahesabu na ba points. Juu uko mutoto yangu." Alipumua. "Ulipita, Régine. Ulipita muzuri sana."

Nje mtu alikuwa anafua. Régine alisikia maji yakimwagwa. Alibaki na vidole juu ya sahani, mchuzi unapoa juu yake. Alijua kwamba kuna mambo ya kusema, na kwamba mgonjwa haambiwi. Basi yote yale, kofia juu ya goti, mama chini sakafuni, baraka juu ya kichwa, mzee aliyafanya anajua. Moyo ulimwuma hivi kwamba aliona afadhali angekuwa amefeli.

Lakini kitu kilichomtoka kinywani kilikuwa kingine.

"Nilipata ngapi, Papa?"

Mzee alimtazama.

"Points," Régine alisema. Alisogea karibu, sauti imeshuka kama mtoto anayeomba. "Nambiye tu points. Nilipata ngapi?"

Papa Alphonse alifumba macho. Uso wake wote, upande ule uliobaki hai, ulikunjamana kwa kutafuta. Alitafuta kweli, huo ni ushahidi wangu kwake. Midomo ilijaribu namba moja, ikaiacha. Ikajaribu nyingine. Machozi yakaanza kumtiririka upande mmoja.

"Nilisahabu," alisema. "Nisamehe, mama. Nilisahabu."

Régine alimpangusa mdomo. Alimpangusa na machozi, kwa kitambaa hicho hicho. Akanawa, akamwambia apumzike, akaagana na Mama Agnès mlangoni, akatoka.

Alikwenda vizuri mpaka kwenye barabara kubwa. Hapo akaketi juu ya jiwe kando ya mama mmoja muuza nyanya, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti, kilio kile cha tumboni ambacho watu wote mjini hapa wanakitambua, maana kwetu msiba wenyewe huitwa kilio. Wapita njia wakapunguza mwendo. Mwanamume mmoja akavua kofia. Muuza nyanya akaacha biashara yake, akafungua kitenge chake cha pili, akamfunika nacho mabega, akachuchumaa.

"Pole, mama. Pole sana," alisema. "Kilio iko wapi?"

Régine alimtazama mwanamke huyo asiyemjua.

"Iko kwetu," akasema.